Msimnyamazishe Tamari

Ndugu zangu mlioko Minneapolis na Houston, ninyi mlioko Louisville mliofika huko kutoka kambi ya Nyarugusu, na ninyi wazazi mliobaki Mwanza, Eldoret na Bukavu huku mabinti zenu wakisoma Marekani: fungueni Biblia zenu, Samweli wa Pili, sura ya kumi na tatu. Someni yote kwa sauti, na kama kuna binti sebuleni msimtume jikoni. Sura hii haisikiki mimbarini. Tumezoea kutoka kwenye dhambi ya Daudi na Bathsheba tukaenda moja kwa moja kwenye uasi wa Absalomu, na hapo katikati tunamruka binti.

Binti huyo ni Tamari. Alikuwa mtoto wa mfalme, mwenye vazi walilovaa mabinti wa mfalme. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemtuma kwenda kumpikia kaka yake Amnoni, aliyesemekana anaumwa. Akakanda unga, akaandaa mikate mbele ya macho yake, kumbe ugonjwa ulikuwa wa uongo. Aliposhikwa hakukosa la kusema. Alikataa. Akamkumbusha kwamba jambo kama hilo halitendwi katika Israeli, akamwuliza aibu yake ataipeleka wapi, akamwonya kwamba atahesabiwa na wapumbavu, akamwonyesha hata njia ya kwenda kuzungumza na mfalme. Amnoni hakusikia. Alipomaliza alimchukia kuliko alivyokuwa amempenda, akamwita mtumishi amtoe nje na kuukomea mlango. Tamari akatia majivu kichwani, akalirarua vazi lake, akashika njia akilia kwa sauti.

Akakutana na Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, mtu aliyempenda. Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake, asilitie moyoni. Baada ya hapo Tamari hasemi neno tena katika Maandiko. Anabaki nyumbani mwa Absalomu, ukiwa mtupu.

Amnoni aliuvunja mwili wa Tamari. Sauti yake ilichukuliwa na mtu aliyempenda, kwa upole, kwa nia njema. Dhambi ya Amnoni sote tunaijua na sote tunailaani. Ninayoikemea leo ni ya Absalomu, kwa sababu hiyo ndiyo tunayoitenda sisi waenda kanisani, sisi tunaowapenda mabinti zetu.

Twendeni vyuoni Marekani. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilifanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2010. Kati ya wanawake weusi, asilimia 43.7 walisema wamewahi katika maisha yao kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mume au mpenzi. Kwa wanawake weupe ilikuwa asilimia 34.6, nayo ni aibu ya taifa. Na katika wanawake wote waliotendewa hivyo, karibu nusu walisema mara ya kwanza yaliwakuta wakiwa na umri kati ya miaka 18 na 24. Huo ndio umri wa binti uliyemsindikiza uwanja wa ndege, ukamwekea mkono kichwani ukamwombea asome kwa bidii. Mwaka 2017 CDC hao hao wakatoa hesabu nyingine, ya vifo: katika majimbo 18 waliyoyachunguza, wanawake weusi waliuawa kwa kiwango cha 4.4 katika kila wanawake laki moja, weupe 1.5. Na katika vifo vya wanawake ambavyo mazingira yake yalijulikana, zaidi ya nusu vilihusiana na mume au mpenzi, wa sasa au wa zamani.

Mambo haya huanzia kwenye simu. Mpenzi anataka neno la siri. Anataka programu inayoonyesha ulipo iwe wazi saa zote, na picha ya ubao kuthibitisha kwamba kweli uko darasani. Kisha ugomvi unaibuka usiku wa kuamkia mtihani, kila mtihani. Binti anaacha kwaya, anaacha kikundi cha kujisomea, anahamisha nguo zake kutoka bwenini kwenda kwenye chumba alichopanga mwanamume. Picha za faragha alizompa siku za mapenzi sasa zinamfunga: ukiniacha, baba yako ataziona, na kanisa lake litaziona. Halafu kofi. Halafu koo. Alama za darasani zinaporomoka, na wazazi wanasema Marekani imemharibu mtoto.

Mnauliza kwa nini hapigi simu polisi? Isikilizeni historia ya nchi aliyomo. Huko Missouri, wilaya ya Callaway, palikuwa na mtumwa aliyeitwa Celia. Alinunuliwa akiwa na umri wa miaka 14 hivi, na mnunuzi alianza kumbaka wangali safarini kwenda nyumbani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1855, Celia alimpiga kwa gongo akamuua. Sheria ya Missouri ilimpa mwanamke yeyote haki ya kujitetea dhidi ya anayetaka kumwingilia kwa nguvu. Hakimu akakataa wazee wa mahakama waizingatie sheria hiyo kwa ajili ya mtumwa, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo Celia akanyongwa. Alikuwa na miaka 19 hivi, umri wa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Na upande wa pili, wanaume weusi walining'inizwa mitini kwa kusingiziwa ubakaji. Ida B. Wells, mwandishi wa habari wa Memphis, aliuanika uongo huo mwaka 1892, na genge likaivunja ofisi ya gazeti lake. Mwanamke mweusi wa Marekani akafundishwa mambo mawili kwa mpigo: kwamba akiumizwa sheria haimwoni, na kwamba akimtaja mwanamume mweusi huenda anamkabidhi kwenye kamba. Hofu hiyo haikubuniwa na mabinti. Wameirithi kutoka kwa bibi zao, na kila wanapotazama taarifa ya habari wanaona sababu mpya ya kuishikilia. Mimi naiheshimu. Anayetaka kuwahubiria mabinti hao bila kuijua, afunge kinywa kwanza, akasome.

Lakini nisikilizeni. Mwezi Mei 1959, huko Tallahassee, Florida, wanaume wanne weupe wenye silaha walimteka mwanafunzi wa kike wa Florida A&M, chuo cha weusi, aliyekuwa ametoka dansini na wenzake. Wakambaka. Wanafunzi zaidi ya elfu moja walikusanyika na kudai haki, masomo yakasimama. Kesi ilipoanza wakajazana mahakamani. Binti akasimama mbele ya mji mzima akasema yaliyompata, na wale wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Hiyo ilikuwa Florida, na ilikuwa mwaka 1959! Watu wenye woga wote nilioutaja, wenye kila sababu ya kunyamaza, walipaza sauti kwa ajili ya dada yao, na dada yao akaweza kusema kwa sababu nyuma yake palikuwa na umati.

Basi nawauliza. Ingekuwaje kama aliyemtenda angekuwa nyota wa timu ya chuo hicho hicho? Kama angekuwa kiongozi wa kikundi cha sala, kijana anayesifiwa na kila mama, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu? Umati ungetoka? Kikulacho ki nguoni mwako, na cha nguoni ndicho tunachokifunika. Adui akitoka nje tunajua kusimama. Akitoka kwetu tunaanza kuhesabu hasara: kijana ataharibikiwa, wazungu watasemaje, watatuona wote wanyama.

Kimberlé Crenshaw, profesa wa sheria, ameyaandika haya tangu mwaka 1991. Alikuwa ameomba polisi wa Los Angeles wampe takwimu za ukatili wa majumbani, eneo kwa eneo. Akanyimwa. Moja ya sababu ni kwamba watu wa jamii zisizo za weupe walihofia takwimu hizo zingetumika kuwapaka watu wao matope, kuwaita wakatili kwa asili. Hofu ya kweli, narudia. Lakini tazameni nani aliyelipa gharama yake. Heshima ya wote ililindwa kwa majeraha ya wanawake peke yao. Huyo ni Absalomu tena.

Sasa nirudi kwetu. Binti wa Kigoma au wa Goma akifika chuo cha Marekani, hakuna anayemwuliza kabila. Ni mwanamke mweusi, basi. Anakikuta kimya cha wenzake, naye amekuja na cha kwao sandukuni. Kwao ameambiwa asimwage mtama kwenye kuku wengi. Ameambiwa mwanamke ni kuvumilia. Ameambiwa ukoo mzima ulichanga, kipande cha shamba kikauzwa, asirudishe aibu. Akimpigia mama yake usiku wa manane, mama ambaye naye alipigwa na akavumilia, swali la kwanza analopokea ni: ulimfanya nini? Mama yangu, najua huulizi kwa ubaya. Absalomu naye hakusema kwa ubaya.

Na acheni kuwasifu mabinti kwa uvumilivu! Waamerika weusi wana sifa yao ya mwanamke shupavu asiyelia, nasi tuna mwanamke wa shoka. Kwa sifa hizo tumewafundisha kwamba kuomba msaada ni kushindwa. Binti anaamka na mdomo uliovimba, anapaka rangi, anaenda kwenye mtihani, na sisi tunashangilia matokeo. Mungu hakumuumba kwa ajili ya kupima anaweza kubeba mzigo kiasi gani.

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa watu wanakufa. Binti akikwambia amekabwa koo, hata mara moja, hata kwa muda mfupi, hata kama mwanamume alimwachia akapiga magoti akilia na kuomba msamaha, jua kwamba kifo kimekaribia. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, amechunguza kwa miaka mingi mauaji ya wanawake mikononi mwa wapenzi wao. Kukabwa koo ni mojawapo ya dalili kubwa zinazotangulia. Nyingine ni bunduki iliyo karibu na mkono wa mwanamume. Nyingine ni mwanamke kuondoka, au kutangaza kwamba anaondoka. Alama za kukabwa hazionekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi, na wengi waliokabwa hawabaki na alama yoyote, kwa hiyo anaweza kutazamwa na polisi au muuguzi akaambiwa hana kitu. Ninyi sikilizeni sauti yake kama imekwaruza. Tazameni macho kama yana vidoadoa vya damu. Ulizeni kama anameza kwa shida, kama alizimia, kama alijikojolea. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, maana mshipa wa shingo ulioumia unaweza kumwangusha siku kadhaa baadaye, wakati wote mmeshatulia.

Na kwa kuwa saa ya kuondoka ndiyo saa ya hatari, usimfokee kwamba aondoke leo na asipoondoka basi umenawa mikono. Mpangieni. Pasipoti na vyeti viwe mahali ambapo mwanamume hafiki. Simu nyingine iwepo. Mlango wa kulala usiku huo ujulikane, na anayeufungua ajulikane. Siku ya kwenda kuchukua vitu vyake asiende peke yake.

Vijana wangu wa kiume, msidhani ninawatafuta akina Amnoni tu. Katika sura ile yupo Yonadabu, binamu, rafiki, mtu mwerevu sana. Yeye hakumgusa Tamari. Alitoa shauri tu. Na yupo mtumishi, asiye hata na jina, aliyeukomea mlango. Yeye alitii tu. Mnaoishi na mwenzenu ghorofa moja, mnaosikia ukuta ukigongwa na mtu akilia, kisha mnaongeza sauti ya muziki: mmeukomea mlango. Mnaopitishiana picha za binti kwenye simu na kucheka: ninyi ni Yonadabu. Rafiki yako akikuambia msichana wake amemzidi kichwa na anahitaji kufundishwa adabu, hapo ndipo pa kumzuia, uso kwa uso, kabla hajafika mlangoni kwake. Umwogope Mungu kuliko unavyoogopa kuitwa msaliti wa wenzako. Msituambie pia kwamba polisi wanawaonea weusi, kana kwamba hilo linamfunga dada yenu kinywa. Wanawaonea, na tutaandamana pamoja nanyi dhidi yao. Mwili wake hauwezi kuwa malipo ya uonevu huo.

Wachungaji wenzangu, tunajua kilichomkuta Daudi. Alipopata habari alikasirika sana. Basi! Mfalme mwenye jeshi, mwenye sheria ya Musa mkononi, alikasirika akakaa. Mtu aliyemtwaa mke wa Uria angemkemea mwanawe kwa kinywa gani? Na tusipotubu yetu, mimbari zetu zitaendelea kukasirika na kukaa. Tunawaita wawili ofisini, tunawapatanisha, tunawaombea wakiwa wameshikana mikono, na binti anarudi kwenye gari la mtu yule yule. Kuwakalisha pamoja mpigaji na mpigwa ili kila mmoja aseme kosa lake ni kumwadhibu aliyepigwa mara ya pili, kwa maana usiku huo atalipia kila neno alilosema mbele yetu. Msamaha asidaiwe binti ambaye bado anavuja damu. Daudi alinyamaza miaka miwili, na mwisho wa miaka hiyo Absalomu akaamuru Amnoni auawe kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo. Nyumba iliyokataa kutenda haki kwa njia ya haki iliipata kwa upanga, na Tamari hakuponywa kwa hilo hata kidogo.

Afrika Kusini, Kituo cha Ujamaa cha Pietermaritzburg kiliwakalisha wanawake kwa vikundi wakaisoma sura hii pamoja, na kutokana na usomaji huo ikazaliwa Kampeni ya Tamari, ambayo baadaye ilipokelewa hata Nairobi na umoja wa makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Hakuna siri kubwa ndani yake: sura inasomwa, wanawake wanaulizwa wanaona nini, na wanapewa nafasi ya kusema bila kukatizwa. Fanyeni hivyo. Msisubiri mgeni kutoka makao makuu.

Na jueni sheria, kwa maana ujinga wetu ni silaha ya mpigaji. Tangu mwaka 1972 sheria ya Marekani iitwayo Title IX inakataza ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, na tangu marekebisho ya sheria nyingine mwaka 2013 vyuo vinatakiwa kuhesabu na kutangaza pia matukio ya ukatili wa wapenzi na ya kuandamwa, na kumpa mwathirika haki zake kwa maandishi. Anaweza kuomba abadilishiwe chumba au darasa, hata kama hataki kwenda polisi. Lakini profesa anayemwamini huenda analazimika kuripoti kila anachoambiwa. Mshauri nasaha na kasisi wa chuo kwa kawaida wanaweza kutunza siri. Aulize kabla ya kusimulia.

Wewe uliyeambiwa kwamba ukisema utafukuzwa nchini: viza ya mwanafunzi iko kwenye jina lako na kwenye rekodi ya chuo chako, haiko mfukoni mwa mpenzi wako. Usiache masomo kimyakimya. Nenda kwanza kwa afisa wa wanafunzi wa kimataifa, kwa maana ruhusa ya kupunguza masomo kwa sababu ya afya huombwa kabla ya kuyaacha. Aliyeolewa na raia au mkaazi wa kudumu anayempiga anaweza kujiombea makaratasi yake mwenyewe bila huyo mume, kwa sheria ya mwaka 1994. Kwa walioumizwa na uhalifu na wakashirikiana na polisi, tangu mwaka 2000 ipo viza iitwayo U, ingawa foleni yake ni ndefu. Mtafute wakili wa uhamiaji, si binamu anayedai anajua. Simu ya taifa ya ukatili wa majumbani ni 1-800-799-7233, usiku na mchana, na ukiomba mkalimani utapewa.

Baba, mpigie mwanao wiki hii. Usianze na matokeo ya mtihani. Mwulize anaishi vipi, na kama yupo mtu anayemtia hofu. Akisema yupo, mwambie unamwamini, na usiongeze neno mpaka amalize. Wazee wa kanisa, teueni wanawake wawili wanaojua kutunza siri, walipieni simu, namba yao ibandikwe kwenye choo cha wanawake ambako hakuna anayemchungulia anayeiandika. Tengeni fedha kwenye mfuko wa kanisa kwa ajili ya tiketi ya basi na chumba cha usiku mmoja, zitolewe bila kikao. Na binti akisema kwamba aliyemtenda ni mwana wa mzee wa kanisa, mzee huyo asikae kwenye baraza litakaloshughulikia jambo hilo, wala mwanawe asishike maikrofoni Jumapili hiyo, hata kama hakuna mwingine anayejua kupiga kinanda.